Mazoea ya Mikono na Ugonjwa wa Wasiwasi

Kila mtu ana mambo ayatendayo bila kuyafikiri. Karani akiandika barua hutafuna ncha ya kalamu. Mzee akizungumza barazani huvutavuta ndevu. Msichana akisikiliza habari huuma kucha. Na kijana akiketi hutikisa mguu hata benchi zima likatetemeka. Ukimwuliza mmoja wao sababu, atakutazama kwa mshangao, kwa maana hakujua kwamba alifanya hivyo. Watu huyacheka mambo haya, wala si vibaya. Lakini yafaa tuujue mpaka ulio kati ya mazoea na ugonjwa, kwa kuwa miongoni mwa wanaochekwa wako walio wagonjwa kweli.

FAIDA YA MAZOEA

Mtu ajifunzapo kupanda baisikeli au kukamua ng'ombe, mwanzoni hufikiri kila kitendo. Baadaye mikono na miguu huijua kazi yake, na akili hupata nafasi ya kushughulikia mambo mengine. Bila mazoea, kuvaa viatu tu kungetuchosha kabla ya kutoka nyumbani.

Hasara yake ni kwamba mikono huweza kuitangulia akili. William James, mwalimu mashuhuri wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1890 alitaja watu wasahaulifu sana ambao huingia chumbani kubadili nguo ili waende kula chakula cha jioni. Kwa kuwa wamezoea kuvua nguo humo wakati wa kulala, huvua moja baada ya moja, na mwisho hupanda kitandani! Huo si wazimu. Wala si wazimu mkulima kutafuta kofia iliyo kichwani mwake.

MPAKA ULIPO

Kufunga kufuli la ghala, kisha kurudi mara moja kulitikisa, ni busara. Lakini mtu akirudi mara kumi, naye ameona kwa macho yake kwamba limefungwa, hata akachelewa kazini kila siku, hapo jambo limegeuka.

Tujiulize maswali matatu. Je, aweza kuacha akitaka? Je, afanya kwa kutofikiri tu, ama kwa hofu kwamba asipofanya litatokea baya? Tena, je, jambo hilo lamla muda? Madaktari husema kwamba likimpotezea mtu saa moja au zaidi kwa siku, au likimharibia kazi na maisha ya nyumbani, yafaa achunguzwe.

Hapa ndipo wengi hukosea. Msahaulifu hajui kwamba atikisa mguu. Mgonjwa ajua sana kwamba anawa mikono mara ya ishirini, na mara nyingi akili yake yamwambia kwamba haina haja. Lakini moyo haumpi raha mpaka anawe tena. Raha yenyewe haidumu, na kila akiitii hofu, hofu huzidi nguvu.

Lugha yetu ina neno lake. Wasiwasi latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kunong'oneza, na Waislamu tangu zamani hulitumia kwa mtu arudiaye kutawadha mara nyingi, akishuku kwamba udhu wake haukutimia.

Wala ugonjwa huu si dalili ya upumbavu. Samuel Johnson, Mwingereza aliyetunga kamusi kubwa mwaka 1755, alikuwa akihesabu hatua zake ili avuke mlango kwa mguu fulani. Rafiki yake James Boswell aliandika kwamba hesabu ikikosewa, Johnson alirudi nyuma akaanza upya.

LA KUFANYA

Mtoto aumaye kucha asipigwe wala kuaibishwa; fimbo humwongezea wasiwasi, na wasiwasi humrudisha kuuma kucha. Afadhali mikono yake ipewe kazi nyingine.

Kwa aliye mgonjwa, kumcheka hakufai, wala kumwambia tu "acha." Kumsaidia kukagua kufuli usiku kucha nako hulisha ugonjwa, ijapokuwa kwafanywa kwa huruma. Mwaka 1966 Victor Meyer wa London alieleza habari za wagonjwa wawili waliopata nafuu kwa kukabili yale waliyoyaogopa huku wakizuiwa kurudia vitendo vyao. Njia hiyo imeendelezwa, nayo hutumika hata leo. Mgonjwa hushika kitu anachokidhania kichafu, akakaa bila kunawa, na polepole hofu hupungua yenyewe. Ziko pia dawa ambazo daktari huweza kutoa.

Basi mwenye shida hii asijifiche, wala jamaa zake wasikimbilie kusema kwamba amerogwa. Na aende kwa daktari wa hospitali iliyo karibu, naye ataweza kumpeleka kwa wajuzi wa magonjwa ya akili, kama wale wa Mathari, Nairobi. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua.