Kaburi Nililolifuata Isiolo

Marehemu mama aliniusia: "Mwanangu, mtafute ami yangu aliyekwenda na Keya, ukamsomee Fatiha." Basi nikafunga safari hadi Isiolo, alikopita mwaka 1940 kwenda kupigana na Waitaliani mpakani mwa Uhabeshi. Makaburini nilikuta mawe matupu, wazee hawakumjua. Jina lake nililiona Nairobi, Barabara ya Ngong, katika mnara wa askari wasiojulikana walikozikwa. Nililigusa, nikalia. Kumbe yeye ana bahati! Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa Waafrika maelfu kwa maelfu waliokufa katika Vita vya Kwanza hawakuandikwa majina. Ndugu msomaji, nao wasomee. Mola ndiye ajuaye walikolala.