Udi si moshi

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 hakuanza kwa kulishwa. Aliletewa kwanza tambuu na popoo, kisha akamiminiwa mkononi marashi ya waridi yaliyotoka Damascus, yeye na kadhi aliyekuwa naye. Baadaye ndipo kilipokuja chakula: wali uliopikwa kwa samli, kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Ukiisoma habari hiyo, msomaji, utadhani mtu anakusimulia arusi ya juzi Lamu.

Nimemtaja mgeni huyo kwa sababu majuzi nilialikwa katika hoteli moja kubwa ya pwani, kaskazini mwa Mombasa, kwenye karamu ambamo kila chakula kingeletwa pamoja na manukato yake. Tangazo lilisema jambo kama hilo halijapata kuonekana upande huu wa bahari. Hilo ndilo hasa lililonipeleka. Bei ya kiti kimoja, kwa wale wasioalikwa, ilikaribia bei ya gunia la mchele.

Kadi ya mwaliko ilitutaka tuje bila ya kujitia manukato, pua zisije zikachanganyikiwa. Kumwambia mtu wa Mombasa aende karamuni bila ya kujifukiza ni sawa na kumwambia aache kofia nyumbani. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami alinukia udi tangu mlangoni, na kijana wa hoteli alipomwangalia, mzee akacheka. "Mwanangu, kanzu hii imefukizwa miaka ishirini. Hata nikiifua mara saba haitoki."

Tulikuwa watu wapatao thelathini, nusu wenyeji na nusu wageni. Mpishi mkuu alitueleza mapema kwamba nyama ni halali na hakuna mvinyo uliotiwa chunguni. Manukato aliyatengeneza bibi mmoja Mfaransa, naye alitugawia vijikaratasi vyembamba vilivyochovywa. Mzee wangu hakukigusa chake. "Hiki kina spiriti?" aliuliza. Kweli kilikuwa nayo, kwani manukato mengi ya Ulaya huyeyushwa katika spiriti. Maulamaa wamehitilafiana juu ya jambo hili: wako wanaoihesabu kuwa najisi kama mvinyo, na wako wanaoiruhusu kwa matumizi ya nje. Lakini pia imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa akikataa manukato anapopewa, na kwa hivyo kumrudishia mwenyeji mkono mtupu si jambo jepesi. Yule bibi, na hapa nampa haki yake, alikuwa amejitayarisha. Alitoa mkobani vichupa vya mafuta matupu yasiyo na spiriti hata tone, na mzee akanyoosha mkono.

Supu ya mwanzo nitaipita, ilikuwa ya ndimu na haikuwa na kisa. Cha pili kilikuwa wali wa nazi, mweupe, bila ya mchuzi, na pamoja nao mafuta ya asumini. Hapo nilinyamaza. Tui lina utamu mzito unaolala ulimini, na asumini iliuinua. Kila tonge nililotia mdomoni lilikuwa kana kwamba limepikwa katika nyumba yenye bi arusi. Bibi Mfaransa alitueleza sababu yake kwa njia ambayo kila mtu anaweza kuijaribu nyumbani. Bana pua, kisha jitie mdalasini wa unga ulimini. Utaona kama vumbi lenye utamu kidogo. Achia pua, harufu itapanda kutoka nyuma ya koo, na hapo ndipo utakapoujua kuwa ni mdalasini. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni kazi ya pua.

Biriani, kwa upande wake, iliharibiwa. Ililetwa na misiki, tena misiki kali, na kwa dakika kumi sikuonja kitu ila misiki. Kosa hili nadhani si la mkono bali la utaratibu. Biriani ina iliki, karafuu, mdalasini, zafarani na marashi ya waridi. Imekwisha kujitia manukato yenyewe, wala haihitaji mwenzi. Ndiyo maana wazee wetu waliweka mambo kwa zamu. Marashi, ambayo ni mepesi, humpokea mgeni kwa mrashi anapoingia. Chakula huachiwa harufu yake. Udi hungoja mpaka watu wamekwisha kunawa na kahawa imekwisha kupita, na ukishazungushwa mgeni hujua kwamba ni wakati wa kuaga. Waarabu wa Omani na Ghuba husema wazi kwamba baada ya udi hakuna kukaa.

Hilo la mwisho hoteli ililifuata. Baada ya halua aliingia mama mmoja wa Mji wa Kale, amevaa buibui, ameshika chetezo, akapita meza kwa meza. Wanaume walifunua majokho, wanawake wakavuta ncha za mitandio, na wageni wakaacha kuzungumza. Katika usiku mzima hapakuwa na kitu kilichopendwa kama hicho. Nikaitazama kadi kujua wameandikaje. Jina la mpishi lilikuwapo, na la mtengeneza manukato, hata la aliyepanga maua. Mahali pa mama pameandikwa "moshi wa kienyeji".

Nilimfuata nyuma ya jiko, akimwaga majivu. Nilimwamkia nikamwonyesha kadi.

"Moshi?" alisema. "Moshi ni wa kuni, mwanangu. Huu ni udi, na nimeupika mwenyewe."

Neno hilo la kupika si la mapambo. Udi wake huanza jikoni kama halua: sukari hutiwa sufuriani na marashi, ikakorogwa kwa moto mdogo mpaka ishike. Kisha hutiwa vipande vya udi vilivyopondwa, sandali, misiki na mafuta, na huipuliwa kabla sukari haijaungua. Zamani aliongeza na ambari, ile itokayo tumboni mwa nyangumi ambayo bahari huitupa ufukweni. Al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, aliandika habari za ambari ya bahari ya Wazanji. Siku hizi mama huikosa.

Udi wenyewe unazidi kuadimika. Mti wake, unaoota tangu India mpaka Indonesia, hauna harufu ya maana mpaka ujeruhiwe na kuingiwa na kuvu. Hapo ndipo hutoa utomvu mweusi wa kujitibu, na huo ndio tuutakao. Watu walikata miti mizima kuutafuta, hata mwaka 2004 mataifa yakakubaliana kudhibiti biashara ya aina zake zote. Tangu hapo maduka yamejaa vumbi la mbao lililotiwa mafuta ya kiwandani. Mama huujaribu udi kwa bilauri ya maji, kwani ulio bora kabisa huzama.

Nilimwuliza nani anamfundisha. "Wasichana wangu wanajua kuununua," alisema. "Kuupika hawajui. Wanasema unachosha mkono." Mjukuu mmoja ameanza kukaa naye jikoni Ijumaa baada ya chuo, lakini bado hukoroga kwa haraka na sukari humwungulia.

Meneja wa hoteli nilimkuta mlangoni. Aliniambia kadi ilichapishwa kwa haraka, na kwamba karamu nyingine itafanywa baada ya Idi. Nilimpelekea mama habari hiyo kesho yake. Aliuliza kama kadi za karamu hiyo zimekwisha kuchapishwa. Nilipomjibu kwamba bado, alisema chetezo chake atakipeleka akishaisoma.