Bunduki ya Vita Kwenda Porini: Tazama Chuma, Acha Ubao

Haya ni maelezo yetu ya kila juma, kama yalivyosomwa redioni.

Ndugu msikilizaji, nawe unayetusoma hapa gazetini, juma hili tuziweke kando kwanza barabara mbovu na bei ya unga. Twende Marekani. Wapo jamaa zetu wengi, wazungumzaji wa Kiswahili, waliohamia majimbo kama Minnesota, Texas na Ohio, na kila inapofika Novemba huwaona majirani zao wakichukua likizo kwenda kuwinda kulungu wa kule, wale wenye pembe za matawi. Baadhi yao sasa wanafuatana nao. Na kama ilivyo ada ya mgeni mwenye mfuko mwembamba, jicho huangukia ile bunduki ya bei nafuu iliyosimama pembeni mwa duka, ambayo zamani ilikuwa ya askari na leo imevalishwa nguo za kiraia. Je, ni ya kuiamini sentimita chache kutoka kwenye jicho lako?

Kwanza tujue ilikotoka. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, majeshi ya dunia yalibaki na mamilioni ya bunduki ambazo hayakuzihitaji tena. Wafanyabiashara walizinunua kwa shehena na kuzipeleka Marekani, ambako siku hizo mtu aliweza kuagiza bunduki kwa posta kama anavyoagiza viatu. Ile Carcano ya Kitaliano iliyomuua Rais John F. Kennedy tarehe 22 Novemba 1963 iliagizwa hivyo hivyo, kutoka duka la Klein's la mjini Chicago, kwa dola 19.95 pamoja na darubini yake. Mwaka 1968 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokomesha mtindo huo wa kumpelekea raia bunduki kwa posta na kufunga mlango wa masalio ya kijeshi kutoka nje. Mlango ulifunguliwa tena kwa kiasi katika miaka ya 1980, lakini bunduki nyingi za aina hii ni za zama zile za posta. Maana yake ni kwamba aliyeigeuza huenda ni marehemu, wala hakuacha barua ya kueleza alichokifanya.

Kugeuza ni kufanya nini? Bunduki ya askari ni ndefu na nzito, ubao wake unakaribia mdomo wa mtutu, na mbele ina mahali pa kutia singe. Fundi huukata ubao, hufupisha mtutu, hung'oa vilengeo vya kijeshi, kisha hutoboa matundu juu ya chuma ili kushika darubini. Kwenye Mauser nyingi kazi huongezeka. Mkono wa komeo, kile chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele ili risasi iingie, umenyooka kwenda ubavuni, na ukiuinua unagonga darubini. Lazima ukunjwe, au ukatwe na kuchomelewa mwingine. Hapo ndipo fundi hutengana na mbabaishaji. Anayejua hukinga moto usisafiri. Asiyejua huchoma tu, joto likakimbia hadi kwenye meno yanayofunga komeo, na chuma kilichokazwa kiwandani kikalainika. Kwa nje utaona mkono uliokunjwa vizuri, unang'aa.

Ukiniuliza aina ya kuanzia kutafuta, nitakuambia ni Mauser ya mwaka 1898. Mjerumani aliyeisanifu alimfikiria mtu aliye nyuma ya bunduki. Komeo lina meno mawili mbele na la tatu nyuma kwa tahadhari, lina matundu ya kuelekeza moshi pembeni endapo ganda la risasi litapasuka, na kucha yake huishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini hadi inapotupwa nje. Wawindaji wa kwetu waliifahamu zamani. Yule Mskoti W. D. M. Bell, aliyevuma Karamoja nchini Uganda na kuua tembo zaidi ya 1,000, alipenda bunduki ndogo ya kampuni ya Rigby iliyojengwa juu ya mtambo huo wa Mauser. Usimwige kwa tembo. Risasi ile ni ya wanyama wa kadiri ya kulungu. Lakini jihadhari na Mauser za kabla yake, za 1893 na 1895. Zinafanana na dada yao kwa sura, ila hazina jino la tatu, na kuzitilia risasi kali za kisasa ni kumkopa Ziraili.

Sasa sikiliza kisa cha Springfield ya 1903, maana kinafundisha kuliko vyote. Hii ilikuwa fahari ya jeshi la Marekani, na ikigeuzwa inapendeza mno. Viwandani, Springfield na Rock Island, chuma kilipashwa moto na mafundi wakakisia joto kwa kutazama rangi yake kwa macho. Siku ya jua kali chuma kilionekana hakijaiva, kumbe kimekwisha kuungua. Kilichoungua hakipindi kikizidiwa. Kinavunjika vipande kama sahani. Bunduki zilianza kupasuka, na baada ya zile zilizopasuka mwaka 1917 njia ya kukaza chuma ikabadilishwa. Tangu hapo wataalamu wengi husema jambo moja: yenye namba chini ya 800,000 ya Springfield, au chini ya 285,507 ya Rock Island, ni ya kutundika ukutani. Wapo watakaokuambia babu yao aliipiga miaka arobaini bila tatizo, na huenda ni kweli. Chuma cha namna ile hakitoi taarifa. Namba imeandikwa juu, pale mtutu unapoingilia, na mara nyingine darubini hukaa juu yake. Mwuzaji akikataa kuifungua, mwage kwa heri.

Lee-Enfield ya Mwingereza haihitaji utambulisho kwetu. Ni ile 303 waliyoibeba wazee wetu wa KAR hadi Burma. Kwa risasi yake yenyewe inamtosha kulungu. Lakini chemba yake, yaani nyumba ya risasi, ilichongwa kwa nafasi kidogo ili matope ya vitani yasiikwamishe, na komeo hufungwa kwa nyuma badala ya mbele. Ganda hunyooka linapopigwa, na ukilijaza upya mara chache hukatika. Kwa ile iitwayo Namba 4, jeshi lilikuwa na vichwa vya komeo vya vipimo vinne, kuanzia 0 hadi 3, ili kuziba nafasi kadiri chuma kinavyolika. Mtu aliyebadilisha komeo bila kupima amevuruga hesabu hiyo.

Hatari nyingine haionekani hata ukitoa miwani. Wajerumani walipobadili risasi yao ya milimita 7.92 mwaka 1905, kichwa cha risasi kilinenepa kutoka inchi .318 hadi .323. Kichwa kinene kwenye mtutu mwembamba wa bunduki za 1888 ni balaa. Tena Wamarekani waliorudi na Mauser walikosa risasi zake madukani, wakaichonga chemba iingie ganda refu la kwao. Baadhi hawakubadili maandishi kwenye mtutu. Kwa hiyo bunduki inasema hivi, chemba inasema vile. Fundi mwenye sifa humimina kitu chemba ikaacha umbo lake, kisha hupima, na hutumia vipimo viwili vya chuma: komeo lifunge juu ya kimoja, likatae kufunga juu ya kingine. Ni kazi ya muda mfupi. Usinunue kabla haijafanyika, au andikiana na mwuzaji kwamba ikishindwa anarudisha fedha.

Kuhusu risasi niseme machache. Za kijeshi zilizofunikwa shaba mpaka nchani humtoboa mnyama, akaenda kufia mbali. Za kuwindia zina ncha laini. Na risasi kuukuu za jeshi nyingi zina fataki zenye chumvi inayoota kutu ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huondolewa kwa maji, mafuta peke yake hayaigusi.

Ukibahatika kuikuta ambayo haijaguswa, ina ubao wake wote na mihuri yake, usithubutu kuipeleka kwenye msumeno. Siku hizi watozi huilipia zaidi ya iliyogeuzwa. Na kama umekwisha kununua iliyogeuzwa, fundi akakuambia chemba imepita kipimo, vua darubini, vua na kile kitako kizuri cha mti wa jozi, uviuze peke yake. Wanaovitafuta wapo.