Ajira za huduma zihesabiwe pamoja na saa zake

Machi 17, 2020, Gavana wa Nevada, Steve Sisolak, alitangaza kufungwa kwa kasino zote za jimbo hilo, nazo hazikufunguliwa tena hadi Juni 4. Karibu robo ya ajira za Nevada zilikuwa katika hoteli, migahawa na burudani, kwa hiyo pigo liliufikia uchumi wote. Aprili, kiwango cha ukosefu wa ajira kilifika takriban asilimia 30, ambacho hakuna jimbo lolote la Marekani lililokuwa limewahi kukifikia tangu takwimu hizo zianze mwaka 1976. Hata hivyo, hesabu ya ajira ya Machi ilionyesha sehemu ndogo tu ya janga hilo. Kila mwezi waajiri huulizwa ni wafanyakazi wangapi walilipwa katika kipindi cha malipo chenye tarehe 12, na tarehe 12 Machi kasino zilikuwa bado zinapokea wageni. Dalili ya mapema ilitoka kwenye maombi ya bima ya ukosefu wa ajira, yanayotangazwa kila wiki.

Lakini udhaifu wa hesabu hii hauishii kwenye tarehe. Hata siku za kawaida, idadi ya ajira peke yake haitoshi kueleza hali ya wanaoishi kwa kazi za huduma. Aliyelipwa chochote katika kipindi hicho huhesabika kuwa na ajira moja, awe amefanya zamu kumi au mbili. Wageni wakipungua, mwenye hoteli anaweza kubaki na wahudumu wale wale huku akiwapunguzia zamu. Kipato chao kinashuka, takwimu inabaki pale pale. Mpishi anayelipwa na migahawa miwili huhesabiwa mara mbili, na dereva wa teksi mtandao aliyejiajiri hahesabiwi kabisa. Ndiyo maana saa za kazi na mishahara zinapaswa kusomwa sambamba na idadi ya ajira.

Wapo watakaosema kwamba kudai takwimu zaidi ni kuwabebesha mzigo wenye biashara ndogo. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama maswali hayo yangekuwa mapya. Uchunguzi huo wa kila mwezi kwa waajiri tayari huuliza saa na malipo, na wastani wa saa kwa wiki hutangazwa kwa kila jimbo. Kinachokosekana ni wanasiasa na vyombo vya habari kuupa uzito. Ni kweli pia kwamba sampuli ya jimbo moja ni ndogo, hivyo mabadiliko ya mwezi mmoja yanaweza kupotosha. Dawa yake ni kutazama miezi kadhaa kwa pamoja, kisha kulinganisha na rekodi za kodi ya bima ya ukosefu wa ajira, ambazo huchelewa kwa miezi lakini hugusa zaidi ya asilimia 95 ya ajira zote.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba takwimu zinazorekebishwa kila mara haziaminiki. Agosti 1, 2025, taarifa ya ajira ya Marekani ilipunguza hesabu za Mei na Juni kwa ajira 258,000, na siku hiyo hiyo Rais Donald Trump akamfukuza kazi kamishna wa takwimu za kazi, Erika McEntarfer. Uamuzi huo ulikosea shabaha. Marekebisho hutokea kwa sababu baadhi ya waajiri huchelewa kujibu, na taasisi inayosahihisha hesabu yake hadharani inastahili kuaminiwa kuliko ile isiyobadilisha kitu. Anayeadhibu usahihishaji anawafundisha watakwimu kunyamaza.

Somo hili linawahusu pia wanaotegemea utalii Zanzibar na Mombasa, ambako kazi nyingi ni za msimu au za kujiajiri, na kwa hiyo ni ngumu zaidi kuonekana kwenye orodha za mishahara. Serikali inayotaka kujua wananchi wake wanaishi vipi ihesabu saa walizofanya kazi na malipo waliyopata, itangaze matokeo mapema, na iwalinde wanaoyasahihisha. Bila hivyo, msaada utamfikia mhudumu wa hoteli akiwa ameshamaliza akiba yake.