Minyororo Inapofungwa: Utangulizi wa Kemia ya Polima

Huhitaji maabara ili kuanza kujifunza kemia ya polima. Soko kama la Timau, kando ya barabara ya Nanyuki–Meru, linatosha. Mtazame fundi akiziba beseni lililopasuka: anapasha kisu moto, anakipitisha juu ya ufa, nayo plastiki inayeyuka na kushikana. Kisha mtazame mtengeneza akala. Yeye hayeyushi tairi kuukuu. Analikata kwa kisu chenye makali, kwa sababu haliyeyuki. Kwa nini?

Tuanze na msingi. Polima ni dutu ambayo molekuli zake, yaani makundi ya atomi zilizoungana, ni minyororo mirefu sana. Katika polithini laini, ile inayofunika vivungulio vya maua vya Timau, mnyororo mmoja una maelfu ya atomi za kaboni. Minyororo hiyo imelaliana tu, ikishikiliwa na mvutano hafifu. Ikipata joto huanza kupitana, na kwenye nyuzi 110 hivi za Selsiasi plastiki huyeyuka.

Sasa unganisha mnyororo na jirani yake kwa kifungo cha kemikali, kile kinachopatikana atomi mbili zinapochangia elektroni. Kifungo hicho huitwa kiungo mtambuka. Fikiria kiondo: uzi ambao haujasukwa huchomoka ukiuvuta, lakini uliosukwa hauendi popote bila wenzake. Wanafunzi wengi hudhani hapa kwamba minyororo yenyewe imekuwa imara zaidi. Sivyo. Imezuiwa kupitana, na isipopitana, dutu haiyeyuki. Joto likizidi mno, itaungua tu.

Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira wa asili ukipikwa na salfa hauwi tena wa kunata kwenye joto wala wa kukakamaa kwenye baridi. Salfa ndiyo iliyofunga minyororo. Ila kipimo ni muhimu: sehemu 1 hadi 3 za salfa kwa 100 za mpira hutoa mpira unaonyumbuka; zikifika 30 au zaidi, hupatikana eboniti, dutu ngumu inayovunjika upesi ikikunjwa. Kwa hiyo usidhani kwamba viungo vikiongezeka, uimara nao huongezeka daima.

Polithini nayo hufungwa, kwa peroksidi au kwa miali ya elektroni, ikatumiwa kukinga nyaya za umeme. Waya uliokingwa kwa PVC ya kawaida huhimili nyuzi 70 kazini. Wa polithini iliyofungwa huhimili 90.

Faida hiyo ina gharama yake: kisichoyeyuka hakifinyangwi upya, na ndiyo sababu tairi, ambalo ni mpira uliofungwa, huishia kukatwa. Hata hivyo, mwaka 2011 Ludwik Leibler na wenzake nchini Ufaransa walionyesha vitrima, yaani polima ambazo viungo vyake hubadilishana nafasi vinapopata joto, zikafinyangika tena bila mtandao wa minyororo yake kukatika. Matairi yaliyorundikana bado yanasubiri ufumbuzi wa bei nafuu. Ukishaielewa misingi hii, nawe unaweza kuutafuta.