Mbio za Kurudi Mora

Sogeeni wajukuu, nianze na miguu. Mtu anayeshindana kwenye mbio za nyika za skii hanyanyui miguu juu kama mkimbiaji wa barabarani. Chini ya kila kiatu amefunga skii, yaani ubao mwembamba, mrefu kuliko kimo chake. Kiatu kimeshikwa mbele tu, kisigino kimeachwa huru. Mikononi ana fimbo mbili. Anazichomeka kwenye theluji, anajisukuma, anateleza, kama mvuvi anavyoendesha mtumbwi kwa pondo kwenye maji mafupi.

Sasa mlimani anapandaje bila kurudi kinyumenyume? Ubao ule umepindwa kidogo, na tumboni mwake hupakwa nta inayonata. Akiukanyaga kwa nguvu, nta inagusa theluji na kuing'ang'ania. Akiacha kukandamiza, tumbo linainuka naye anateleza. Lakini nta ya baridi kali si nta ya theluji inayoanza kuyeyuka. Ukikosea kopo asubuhi, utaumia mchana kutwa.

Mbio ninazozipenda kuliko zote zipo Uswidi, katika jimbo la Dalarna. Zinaitwa Vasaloppet. Jumapili ya kwanza ya Machi, saa mbili asubuhi, watu zaidi ya 15,000 huondoka karibu na Sälen kuelekea mji mdogo wa Mora, kilomita 90. Punde tu wanakutana na mlima, na hapo foleni inajifunga: skii zinakanyagana, fimbo zinavunjika, watu wanaombana radhi.

Asili yake ni kisa cha mtoro. Mwishoni mwa 1520, Mfalme Kristian wa Pili wa Denmark aliwachinja wakubwa wa Uswidi mjini Stockholm, na baba wa kijana Gustav Vasa alikuwa miongoni mwao. Gustav akaenda Mora kuwaomba wakulima wasimame naye. Wakasitasita. Akakata tamaa, akashika njia ya Norway. Inasimuliwa kwamba watu wa Mora walijuta baadaye, wakawatuma watelezaji wao wawili hodari wamkimbilie, nao wakamkuta Sälen. Alirudi, akaongoza vita, na mwaka 1523 akawa mfalme.

Mmeona? Gustav alitoroka kutoka Mora kwenda Sälen, ila washindani wanatoka Sälen kwenda Mora. Ile safari ya kukimbia hawaijali. Wanaifuata ile ya kurudi. Kwa mtoto wa Mora, kila kilomita inampunguzia umbali wa kufika kwao.

Mbio za kwanza zilifanyika 1922, na washindani walikuwa 119. Aliyeshinda, Ernst Alm, alikuwa na miaka 22 na alitoka mbali kaskazini. Alitumia saa saba na nusu hivi. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja, Margit Nordin, akawa mwanamke wa kwanza kuzimaliza. Mnadhani alipongezwa na wenzake wakaalikwa? Mwaka 1924 wanawake walipigwa marufuku, na hawakuruhusiwa tena hadi 1981! Mimi jambo hilo silisamehe, hata kama mbio nazipenda.

Halafu akaja mwenyeji. Nils Karlsson alizaliwa kijiji cha Östnor, jirani kabisa na Mora, na watu wakamwita Mora-Nisse. Alishinda Vasaloppet mara tisa kati ya 1943 na 1953. Alikuwa pia bingwa wa Olimpiki wa kilomita 50 mwaka 1948, kule St. Moritz. Hebu fikirini: dunia nzima imekuvisha dhahabu ugenini, lakini kwenu unamaliza mbele ya watu waliokujua ukiwa na kamasi puani, na mshindi anavishwa shada na binti wa papo hapo.

Raha nyingine ipo njiani. Kwenye vituo, Evertsberg kwa mfano, ambako karibu nusu ya safari imekwisha, wanavijiji wanasimama na vikombe vya supu ya moto, tamu, ya zambarau, iliyopikwa kwa vitunda vya msituni. Unakunywa huku unakwenda, nyingine inakumwagikia kifuani, na hakuna anayekucheka kwa sababu wote wamechafuka. Wa mbele wanafika Mora kwa saa nne au pungufu, wengine giza linawakuta njiani. Ukichelewa sana kituoni, wanavuta kamba mbele yako: basi, panda basi la abiria.

Raha hii ya nyumbani inaonekana vizuri ukimtazama asiye na theluji kwao. Mkenya Philip Boit, mkimbiaji, alipelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii akiwa mtu mzima. Miaka miwili baadaye, kwenye Olimpiki ya Nagano, aliingia mbio za kilomita 10. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway. Boit alifika wa mwisho, wa 92, dakika kama ishirini baada yake. Waandaaji walitaka kuanza kutoa medali, lakini Dæhlie alikataa, akabaki pale kwenye mstari akimsubiri, akamkumbatia. Boit alipopata mtoto wa kiume akampa jina la Dæhlie. Kwa hiyo ukimsikia mtu Kenya anaita "Dæhlie!", usigeuke kumtafuta Mnorwe.