Muguka, maji na bwawa dogo la Mbeere

Mei 2024, Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, wengi wetu huku Pwani tulisema alhamdulillahi. Wakulima wa Mbeere nao wakapiga kelele kwamba riziki yao imekatwa, na Rais William Ruto, baada ya kukutana na viongozi wa Embu, akasema amri zile hazina nguvu kisheria. Tangu hapo mjadala umebaki kwenye jani lenyewe. Mimi msimamo wangu kuhusu jani haujabadilika, nimeona vijana wa kutosha mitaani kwetu waliokwisha. Lakini ndugu msomaji, tujiulize kwa nini mtu wa Kiritiri apande muguka na si nyanya. Jibu lake kubwa ni maji.

Kiritiri ni mji mdogo wa Mbeere Kusini, kaunti ya Embu. Ukisikia Embu unafikiria chai na baridi ya Mlima Kenya. Hiyo ni Embu ya juu. Mbeere iko chini, kwenye ukame, na mvua zake ni za misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Disemba, nazo hukatika mapema. Mahindi hukauka yakiwa na maua. Muguka huvumilia, hudondolewa mara kwa mara, na pesa huingia.

La ajabu ni kwamba Mbeere imepakana na maji mengi kuliko karibu sehemu yoyote ya Kenya. Kwenye mto Tana kuna mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga peke yake lilijengwa kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Lakini maji yale yako bondeni na mashamba yako juu. Mita moja ya ujazo ni tani nzima ya uzito. Kuipandisha mlimani kwa pampu siku baada ya siku ni gharama ambayo mkulima wa ekari mbili haiwezi. Na maji yenyewe yamewekwa kwa ajili ya mitambo ya umeme. Ni kama watu wa Taita Taveta wanaoyaona maji ya Mzima yakipita kwenye bomba kuja kwetu Mombasa, tangu miaka ya 1950, huku wao wakibeba madumu.

Ndipo linapokuja bwawa dogo, lambo, au silanga kama wasemavyo wengi. Hili halingoji mto. Linakinga maji ya mvua yanayoteremka mabondeni wakati wa masika, kwa tuta la udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Pembeni huachwa njia pana ya kumwagia maji ya ziada, na hapo fundi asibane matumizi: maji yakipanda juu ya tuta la udongo hulila mpaka likapasuka. Bwawa lililopasuka Solai, Nakuru, Mei 2018 liliua zaidi ya watu 40. Chini ya tuta hupita bomba la kupeleka maji shambani na kwenye birika la mifugo, ili ng'ombe wasiingie bwawani.

Sasa tupige hesabu. Chukua bwawa la mita za ujazo 10,000, lenye uso wa kama ekari moja. Kwenye joto lile jua hunyonya kama milimita 5 kwa siku. Kiangazi cha miezi minne kitaondoka na mita 2,400, robo nzima. Toa nyingine 2,000 za mifugo na za tope lisiloteka. Zinabaki kama 5,600. Ekari moja ya mboga huhitaji karibu mita 20 kwa siku, yaani 1,800 kwa siku 90. Kwa hiyo bwawa hilo ni la ekari 3 hivi, familia 12 zikigawana robo ekari. Kwa mipira ya matone zitapatikana zaidi. Anayewaambia wanakijiji kwamba silanga moja itanyesheza lokesheni nzima anatafuta kura.

Kinachoua mabwawa haya zaidi ni mchanga. Mteremko uliokatwa miti humwaga udongo kila masika, na bwawa lisilozolewa hugeuka uwanja wa mpira. Wakandarasi huja, picha hupigwa, kisha hakuna kamati ya kushika koleo wala ya kuamua nani afungue bomba siku gani. Sheria ya Maji ya 2016 imeweka vyama vya watumiaji maji kwa kazi hiyo, na vibali hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Vibali vina maana kwetu pia, kwa sababu maji ya Mbeere huteremka Tana, yakapita Garissa na Garsen mpaka Kipini. Mtume (S.A.W.) alipoamua ugomvi wa maji kati ya Zubeir na jirani yake huko Madina, wa juu alimwagilia kwanza, kisha akamwachia wa chini. Silanga chache haziukaushi mto Tana. Lakini kila anayezuia maji aandikwe, ajulikane anachukua kiasi gani.

Kuna atakayeniuliza: maji hayo hayo si watanyesheza muguka? Wengine watafanya hivyo, maana kiangazi bei yake hupanda. Ndiyo sababu pesa ya umma ikijenga bwawa, kamati iandike mapema kwamba maji ni ya chakula na mifugo. Viongozi wetu wakikaa tena na wa Embu, wakileta habari ya marufuku peke yake watajibiwa kama walivyojibiwa 2024. Waende na pendekezo la mabwawa, na wawaulize wenzao ni mangapi kati ya yaliyochimbwa Mbeere bado yana maji ikifika Septemba. Swali hilo hilo wakaulize pia Ganze na Kinango.